Kuvua kwa Mshipi Katika Chombo Kidogo: Kamati Inunue Nini Kwanza?





Somo la robo hii linatupeleka baharini. Sharika za mwambao zinapoandika maombi ya mradi wa uvuvi, mara nyingi ombi huwa moja: boti ya faiba yenye injini. Upande wa pili, marafiki wa ng'ambo nao huuliza kama wanaweza kutuchangia kayaki za plastiki za kuvulia, maana kwao zimekuwa nyingi na ni vyombo vyepesi visivyokula mafuta. Maswali haya yanatoka mbali, lakini yote mawili yanaanza na chombo. Sisi tungependa kamati zianze na mtu aliyemo ndani ya chombo, zifuatie vifaa vyake, na chombo kipya kije mwisho, kama bado kitahitajika. Mvuvi mdogo wa pwani yetu tayari ana mtumbwi au ngalawa. Anachokosa ni kuipanga.

Tukisoma habari za wavuvi wa Galilaya tumezoea kufikiria nyavu. Lakini katika Mathayo 17:27 Bwana Yesu anamtuma Petro baharini na ndoana, na hapo ndipo mahali pekee katika Injili zote nne ndoana inapotajwa. Nyavu kubwa zilihitaji mashua na kundi la watu. Ndoana ilimtosha mtu mmoja, na samaki mmoja akatosha kodi ya wawili. Hatulazimishi andiko liwe somo la uvuvi, ila ni vema kujua kwamba mvuvi wa mshipi naye yumo katika Biblia.

KAYAKI NA NGALAWA

Kayaki ni chombo cha Wainuiti, watu wa Greenland na kaskazini ya Kanada. Walifunga kiunzi cha miti iliyookotwa ufukweni au cha mifupa, wakakivika ngozi ya sili, na mtu mmoja akakaa ndani miguu imenyooka mbele, akipiga kafi lenye bapa pande mbili. Alikwenda kuwinda sili katika maji ambayo yangemuua kwa baridi kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo chusa, kamba yake na boya la ngozi vilipangwa juu ya chombo, kila kimoja mahali pake, ili mkono uvifikie bila kugeuka. Mtu akigeuka vibaya katika chombo chembamba namna ile, amepinduka.

Kayaki zinazouzwa leo kwa uvuvi wa bahari ni za plastiki ngumu, urefu wa mita 3 hadi 4 na nusu, uzito wa kilo 25 hadi 45 kabla ya vifaa. Nyingi mvuvi hukaa juu yake, si ndani, na maji yanayoingia hutoka yenyewe kwa matundu yaliyopenya hadi chini. Nyuma ya kiti kuna nafasi ya kreti, pembeni kuna vishikio vya fimbo za kuvulia, mbele wengine hufunga chombo kidogo cha umeme cha kupima kina na kuonyesha samaki. Marekani, Uingereza, Afrika ya Kusini na New Zealand maelfu ya watu huvua hivyo, wengi wao kwa kujiburudisha siku za mapumziko.

Je, zinatufaa? Kwa mvuvi anayelisha familia, maoni ya ofisi hii ni hapana, au si sasa. Kayaki hubeba mtu mmoja na mzigo mdogo. Plastiki yake ikipasuka, fundi wa diko hana namna ya kuiziba ikadumu. Haina tanga, na mvuvi aliyekwenda kilomita nane nje kwa mikono yake lazima arudi kwa mikono hiyo hiyo, upepo ukiwa umembadilikia. Tunawashukuru wanaotaka kuzituma, lakini gharama ya kusafirisha na kugomboa bandarini ingevalisha majaketi ya kuokolea wavuvi wengi sana.

Ngalawa ni jibu la pwani yetu kwa tatizo lile lile la chombo chembamba. Gogo, mara nyingi la mwembe, huchongwa jembamba ili lipasue maji vizuri, na kwa kuwa lingepinduka, hupitishiwa juu matengo mawili, yaani miti inayotokeza pande zote mbili, na mwisho wake hufungwa ubao unaogusa maji na kukizuia chombo kisilale. Wanahistoria wengi wanauhusisha muundo huu na mabaharia waliotoka visiwa vya Indonesia, wale ambao wazao wao wako Madagaska hadi leo. Kwa tanga moja la pembetatu ngalawa hukimbia vizuri, na upepo hauna bei. Injini ya nguvu farasi 15 ikiendeshwa kwa nguvu zote hunywa lita 5 hadi 7 za petroli kwa saa. Kamati ipige hesabu hiyo kwa bei ya petroli ya kijijini kwake kabla ya kuandika ombi.

Kwa hiyo tusichukue kayaki, ila tuchukue nidhamu yake ya kupanga vifaa.

VIFAA VYA KUMRUDISHA MVUVI NYUMBANI

Tuseme jambo hili bila kuzunguka. Ombi likifika likiwa na mishipi, nyavu, injini na boksi la barafu, lakini halina hata jaketi moja la kuokolea, kamati hiyo imemkumbuka samaki na kumsahau mvuvi. Ombi la namna hiyo tunalirudisha.

Jaketi liwe la kuvaliwa wakati wote wa kuvua, si la kukaliwa. Wavuvi hulalamika kwamba linawabana mabega na kuwaongezea joto, na malalamiko hayo ni ya kweli. Kwa sababu hiyo kamati isinunue jaketi nene la abiria wa meli. Inunue lile fupi, lililo wazi kwapani, ambalo mtu anaweza kupiga kafi na kuvuta mshipi akiwa amelivaa. Jaketi lenye nguvu ya kuinua kilo 10 hutosha kumweka mtu mzima kichwa juu ya maji, maana mwili wenyewe ndani ya maji una uzito mdogo sana. Mkanda wa kupita katikati ya miguu usikatwe. Ndio unaozuia jaketi lisipande hadi masikioni.

Linalofuata ni chombo chenyewe kisichoweza kukaushwa kikijaa maji. Mtumbwi wa mti hauzami moja kwa moja, lakini ukijaa hukaa usawa wa bahari, na kila wimbi hurudisha ulichochota. Dawa yake ni rahisi. Dumu la lita 20 lililofungwa kizibo barabara, likizamishwa, husukuma juu kwa nguvu ya kilo 20 hivi. Madumu sita yakifungwa chini ya vikalio, matatu mbele na matatu nyuma, ni kilo 120. Kingo hupanda juu ya maji, na watu wawili wenye ndoo wanaweza kuukausha. Madumu yafungwe kwa kamba imara na yapimwe kwa kuvutwa, kwa sababu dumu linalochomoka litaelea peke yake na kumwacha mwenye nalo.

Kafi lifungwe kwa kamba ya mita moja na nusu. Ndoo ifungwe. Kisu kiwe kwenye ala, mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili unakifikia, kwa kuwa mwenye kamba nyingi chomboni anaweza kunaswa nazo. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu wa pwani awe na namba yake na kujua alikokwenda na saa ya kurudi. Hili la mwisho halina gharama, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Maji ya kunywa, angalau lita 4 kwa kila mtu. Kipenga kwenye jaketi. Kioo kidogo cha kumulikia jua, ambacho mng'ao wake huonekana kilomita nyingi. Kitambaa cha rangi kali kwenye mti wa mita moja, kwa kuwa chombo kilicho chini namna hii hakionekani na nahodha wa boti ya kasi mpaka amekifikia. Usiku iwepo tochi yenye mwanga mweupe. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaagiza hata chombo kidogo cha tanga au makasia, kama hakina taa zake, kiwe na tochi au taa ya namna hiyo tayari mkononi.

Wavuvi wafundishwe pia kutokiacha chombo. Chombo kilichojaa maji huonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Nje ya miamba, mkondo wa bahari wa Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huongezeka kasi. Aliyejitupa kuogelea kuelekea mti anaouona ufukweni hataufikia mti huo. Katika Matendo 27:44 baadhi ya waliokuwa na Paulo walifika nchi kavu juu ya mbao na vipande vya merikebu. Walishika kilichoelea.

Kuhusu hali ya hewa, wavuvi wetu wanajua kaskazi na kusi na maleleji kuliko sisi wa ofisini. Hata hivyo dhoruba za siku hizi haziji zote kwa ratiba ya wazee. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza tahadhari mapema. Kamati inaweza kumteua kijana mmoja mwenye simu aandike utabiri wa upepo na mawimbi kwenye ubao dikoni kila jioni. Wavuvi wengi katika vijiji hivi ni ndugu zetu Waislamu, kwa hiyo ubao uwe wa diko zima, na kijana huyo achaguliwe pamoja nao.

NANGA

Sehemu hii tunaikalia kidogo, maana ajali za vyombo vidogo mara nyingi huanzia kwenye nanga. Nanga isifungwe kamwe ubavuni. Mkondo ukiwa mkali huivuta kamba, kamba huvuta ubavu chini, na maji yanaingia kabla mtu hajasimama. Ifungwe omo au tezi tu.

Tatizo ni kwamba mvuvi aliye peke yake, amekaa katikati, hawezi kutambaa hadi omo kila anapotaka kung'oa nanga. Wavuvi wa kayaki walilitatua kwa kapi mbili ndogo, moja omo na nyingine tezi, zikipitishiwa kamba nyembamba inayozunguka kando ya chombo. Kwenye kamba hiyo kuna pete, na kamba ya nanga hupita ndani ya pete. Mvuvi akiwa ameketi huvuta kamba ile, na pete huenda omo au hurudi hadi mkononi mwake. Kwenye mtumbwi wa kawaida kitu hicho kinawezekana kwa kapi za dukani au hata kwa pete mbili za chuma zilizolainishwa. Kwenye ngalawa matengo yanaingilia, kwa hiyo kamba ipitishwe ndani yake, juu ya ukingo, na fundi wa ngalawa aulizwe kwanza.

Mwisho wa kamba ya nanga ufungiwe boya. Papa mkubwa akishika, au boti ikija bila kukuona, unaachia kamba yote na kuondoka. Boya linabaki likielea na utalirudia. Urefu wa kamba uwe angalau mara tatu ya kina cha maji, na tukumbuke kwamba katika bamvua maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kama mita tatu na nusu. Nanga isitupwe juu ya matumbawe. Itupwe kwenye mchanga pembeni ya mwamba. Mahali ambapo mchanga haupo, mvuvi asitie nanga kabisa bali apunguze mwendo kwa kukokota ndoo au gunia lililofunguliwa mdomo, limefungwa kwa kamba tezi au omo. Chombo hakisimami, lakini huteleza polepole juu ya samaki, na mara nyingi uvuvi unakuwa mzuri zaidi kuliko wa kutia nanga.

MSHIPI WENYEWE

Fimbo na mashine za kukunjia uzi zinazoonekana kwenye kayaki hatuzipendekezi. Maji ya chumvi huzila haraka na vipuri havipo. Mshipi wa mkono uliokunjwa kwenye kibao unatosha, na vipande vya mpira wa baiskeli vilivyovikwa vidoleni huzuia kukatwa. Kwa uvuvi wa chini, wa changu na chewa, uzi wa nailoni wa milimita 0.8, wenye kustahimili kilo 25 hadi 30, unafaa. Kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya ngalawa inayokwenda kwa tanga, ili kupata nguru au kolekole, uzi uwe mnene zaidi na kabla ya ndoana kiwepo kipande cha waya cha sentimita 30, kwa kuwa meno ya nguru hukata nailoni kama wembe. Mishipi ya kurambaza itokee tezi, nyuma ya matengo, isije ikajizungusha.

Chubwi ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Ikinasa kwenye mwamba, uzi huo hukatika, na mvuvi hupoteza nati kuukuu au plagi ya injini iliyokufa badala ya kupoteza mshipi mzima na kuuacha baharini. Ndoana ya mviringo, ile ambayo ncha yake imerudi ndani, humshika samaki pembeni mwa mdomo bila kumezwa, kwa hiyo samaki mdogo anaweza kurudishwa akiwa hai. Haitaki kunyakuliwa kwa nguvu. Mvuvi auache mshipi ukaze, kisha avute taratibu. Vijana huona hili gumu kwa siku za kwanza.

Maji mafu ndiyo wakati mzuri wa kuvua kwenye kina, kwa kuwa mkondo ni mpole na chubwi ndogo hufika chini. Katika bamvua ni afadhali kukaa karibu.

Tunaupenda mshipi kwa sababu hauburuzi majani ya bahari kama kokoro wala hauvunji matumbawe kama baruti, na vyote viwili vimekatazwa na sheria. Lakini tusidanganyane. Vyombo arobaini vya mshipi juu ya mwamba mmoja kila siku navyo vitaumaliza. Kamati izungumze na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari cha kijiji, ambacho wengi hukiita BMU, kabla ya kuleta chombo hata kimoja, na leseni za mvuvi na za chombo ziwe ndani ya bajeti. Kwa wafadhili pia tuseme wazi kwamba mshipi huleta samaki wachache kwa siku kuliko wavu. Faida yake iko kwenye bei, samaki akiwa mzima na mbichi.

SAMAKI AKISHAPATIKANA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, nasi tutasema kwa kifupi. Katika joto letu, kilo moja ya samaki inahitaji kilo moja ya barafu. Jodari, vibua na nguru wakikaa juani hutengeneza sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi, na mlaji hupata vipele, kuumwa kichwa na kutapika. Boksi la thermokoli lililovikwa gunia na kufungwa chini katikati ya chombo, si juu wala kando, hutunza samaki na pia humsaidia nahodha kusimamisha chombo. Mahali pasipo barafu, gunia lililolowa, kivuli, na kumtoa samaki damu mara anapopanda ni bora kuliko chochote. Kina mama wachuuzi wanaosubiri dikoni washirikishwe tangu mwanzo. Wao ndio wanaojua samaki yupi anakataliwa na hoteli na kwa nini, na wengi wao wana vikundi vya VICOBA vinavyoweza kusimamia mkopo wa vifaa vizuri kuliko kamati.

KWA KAMATI ZINAZOTAKA KUOMBA

Maombi ya mwaka huu yataletwa na ankara kifani tatu kwa kila kifaa. Jina la mvuvi atakayekitumia liandikwe na mvuvi mwenyewe, na achangie sehemu, hata kama ni kazi ya kufunga madumu na kushona mfuko wa simu.

Fedha zitatoka kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya majaketi, madumu, kamba, nanga na tochi. Ya pili ni ya mishipi, ndoana na boksi la barafu, na haitatolewa kabla ya jaribio la ufukweni. Siku hiyo, maji yakiwa kiunoni na wazee wa diko wakitazama, kila chombo cha mradi kitajazwa maji hadi kwenye kingo, na mtumbwi usio na matengo utapinduliwa kabisa. Mwenye chombo, akiwa amevaa jaketi lake, atapanda tena bila kushikwa mkono: ashike ukingo, apige miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, ajivute kifudifudi hadi kitovu kifike katikati ya chombo, ndipo ageuke na kuketi. Kisha atakikausha kwa ndoo yake. Kifaa chochote kitakachoelea mbali na chombo siku hiyo kitaandikwa kuwa hakikufungwa, na jaribio litarudiwa juma linalofuata.